Bolti ya Juu

Suhaib alifika mwalo wa Igombe siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi, amevaa viatu vya ngozi visivyofaa kwa mchanga ule. Mwaija alimwona tangu akipita kwenye vichanja vya dagaa, akaendelea na kazi yake. Mbele yake, juu ya turubai, ililazwa mashine ya mtumbwi iliyofunguliwa kichwa, na wavuvi wawili walichuchumaa pembeni wakisubiri kuambiwa kama itapona.

Mwanaume aliyekaa naye miaka kumi na mitatu, kisha akamwacha kwa sentensi moja, alisimama juu yake bila salamu.

"Nipe ile alenki fupi."

"Ipi?"

"Usinichezee, Mwaija. Ile ya kumi. Uliyoondoka nayo."

"Niliyoitengeneza," alisema Mwaija bila kuinua uso. "Iko hapa kwenye boksi. Ila haijui njia ya gerejini kwako Mkuyuni."

Wavuvi wakatazamana. Mmoja akajifanya kukohoa.

Tuseme haki: Suhaib alikuwa fundi. Gari likipita barabarani aliweza kukuambia lina ugonjwa gani kabla halijakata kona. Lakini Mungu alimpa viganja vipana kama koleo, na injini za zamani zina vichochoro ambavyo koleo halipiti. Mwaka wa kwanza wa ndoa yao Mwaija alikuwa akileta chakula tu gerejini. Siku moja nati ikadondoka nyuma ya injini ya Pijo, Suhaib akatukana nusu saa nzima, na Mwaija akaweka chini hotipoti, akakunja mkono wa gauni, akaitoa. Alikuwa na mkono mwembamba hivi kwamba alisafisha chupa ya chai bila brashi, kwa vidole vyake mwenyewe hadi chini.

Tangu siku ile, kila bolti iliyojificha ilikuwa yake. Alijifunza kuona kwa ncha za vidole. Alijua kukata alenki, ule ufunguo wa pembe sita, na kuipindisha kwenye moto ili ipite pasipopita spana. Kulikuwa na utaratibu ambao hakuna aliyeutamka: mteja akiwepo, alitumwa akanywe soda. Akirudi alimkuta Suhaib anafuta mikono kwa kitambaa, na mke wake anaosha sahani.

Siku aliyoachwa, mteja aliuliza kuhusu mlio, na Suhaib akamwambia ni nozeli. Mwaija, sahani mkononi, akasema ni vali. Ikawa vali. Jioni Suhaib alimwambia, "Umeniaibisha mbele ya watu. Nenda kwenu, nimekuacha." Mwaija akaenda kwa dada yake Shamsia, Igombe, akaanza kutengeneza mashine za mitumbwi, na baada ya miezi miwili akapeleka shauri mahakama ya mwanzo kudai sehemu yake ya gereji. Suhaib akajibu kwa maandishi. Mwaija aliyasoma maandishi yale mara nyingi mpaka akayashika kwa moyo: *Mdai alikuwa akileta chakula. Hajawahi kushika spana wala kugusa gari la mteja.* Mafundi wote wa pale walikula kwa Suhaib, na hakuna hata mmoja aliyekubali kuwa shahidi wa Mwaija.

Siku ya kusikilizwa ilikuwa Alhamisi ijayo.

"Ni gari la nani?" Mwaija aliuliza sasa.

"La mzee Nathaniel. Benzi. Stata imekufa."

Mwaija aliifahamu Benzi ile. Ya dizeli, ya mwaka sabini na tisa, rangi ya maziwa. Mzee Nathaniel aliinunua alipokuwa meneja wa kiwanda cha pamba, na aliipenda kuliko baadhi ya wanawe. Stata yake ilikaa chini upande wa kulia, imebanwa kati ya injini na boksi la stelingi. Ilishikwa na bolti mbili. Ya chini mtu yeyote angeifungua. Ya juu ilikuwa nyuma kabisa, mgongoni mwa stata, mahali ambapo jicho halifiki wala taa haisaidii.

"Siku ya ngapi leo?"

Suhaib alitazama ziwa. "Ya sita."

"Umeshaila bolti?"

"Haijaliwa. Imeanza tu kulainika kona." Kisha hasira ikampanda. "Unakuja au huji? Mzee anapiga simu asubuhi na jioni. Anataka kuja kulivuta gari apeleke kwingine."

"Nitakuja. Ila Alhamisi ijayo utasimama mbele ya hakimu useme kazi niliyokuwa nafanya."

"Nitasema."

Alisema haraka mno, kama mtu anayefukuza nzi. "Njoo kesho saa saba kasoro," aliongeza.

Saa saba kasoro siku ya Ijumaa, mafundi wote wa pale wangekuwa msikitini au wametoka kula. Mwaija alielewa papo hapo, na Suhaib akaona kwamba ameelewa, na hakuna aliyelitaja jambo hilo.

Shamsia alimsema usiku ule mpaka sauti ikamkauka. Kwa nini umsaidie mtu anayekuita mpishi? Ukweli ulikuwa wa aibu: Mwaija alikuwa ameikumbuka ile injini. Mashine za mitumbwi zilimlisha, lakini zilikuwa nyepesi, zimejianika zote. Alitamani tena kuingiza mkono gizani na kukuta kitu kinachokataa.

Ijumaa alikuta lango la gereji limerudishiwa. Uani hapakuwa na mtu ila Suhaib. Benzi ilikuwa imepandishwa mbele juu ya magogo manne, boneti wazi, betri na bolti ya chini ya stata vimetolewa, vyuma vya stelingi vimefunguliwa na kupangwa juu ya gunia. Chini ya tumbo la injini, juu ya kipande cha ubao, ilisimama jeki ya mafuta.

"Maunti ya kulia umeifungua?" Mwaija aliuliza.

"Nimeifungua."

"Inua vidole vitatu. Si vinne, utakata bomba la maji."

"Usinifundishe kazi."

"Basi ingia wewe."

Suhaib akachuchumaa mbele ya gari, akapampu jeki. Injini, sasa bila maunti ya kuishika upande ule, ikanyanyuka ikilia kwa ndani. Mwaija alifunga khanga kiunoni juu ya suruali, akalala chali juu ya katoni, akajisogeza chini ya gari mpaka miguu tu ikabaki nje. Akapitisha mkono wa kulia juu ya stata, kati yake na boksi la stelingi. Kiwiko kikakwama, akageuza bega, kikapita.

Akaifikia. Kwanza alipapasa. Tundu la alenki lilikuwa limejaa uchafu, na kona mbili kati ya sita zilikuwa zimeanza kulainika. Angelazimisha ufunguo mara moja tu kwa pupa, kazi ingekuwa imekwisha kwa kila mtu. Akatoa uchafu kwa ncha ya msumari, punje kwa punje. Ukamwingia machoni. Hakuweza kuyafikicha.

"Unafanya nini muda wote huo?"

"Nasafisha ulichochafua."

"Swala inakwisha saa saba na nusu."

"Najua swala inakwisha saa ngapi."

Akapachika ile alenki fupi, akaigonga kitako kwa kipande cha chuma mpaka ikakaa. Akashika, akavuta. Bolti haikutikisika. Akapumua, akavuta tena, safari hii kwa bega, meno yameumana. Ikatoa mlio mfupi mkavu, akajua imekubali. Baada ya hapo ilikuwa subira tu: robo mzunguko, toa, pachika, robo mzunguko. Jasho lilimtiririka masikioni. Kwa dakika zile chache alikuwa mtu mwenye furaha, na hilo lilimchukiza.

Bolti ikamwangukia kiganjani. Stata, nzito kama ndoo ya mchanga, ikachomoka kwenye tundu lake na kujilaza juu ya mkono wake.

"Imetoka," alisema.

Mwaija alisikia viatu vya Suhaib vikisogea, kisha vikatulia.

"Mwaija."

"Shika huku chini unisaidie kuitoa. Imenilalia."

"Kwanza tuongee. Shauri lako lifute."

Alidhani amesikia vibaya. "Tutaongea nikitoka."

"Ukitoka hutaongea. Nakujua." Sauti ilikuwa tulivu, na utulivu huo ndio uliomtisha. "Sema umefuta. Apa kwa Mungu."

"Suhaib, mkono wangu uko ndani."

"Najua ulipo."

Mwaija akasikia vali ya jeki ikifunguliwa. Kidogo tu, chini ya robo mzunguko. Injini ikashuka unene wa ukucha, na stata ikamkandamiza mkono kwenye boksi la stelingi. Maumivu yalikuja baridi kwanza, kisha yakawaka.

"Utanivunja!"

"Mimi? Jeki mbovu. Kila mtu hapa anajua jeki ile inavuja." Akagonga mpini wa jeki kwa kiatu. "Na wewe ulikuwa unafanya nini chini ya gari la mteja wangu, mpishi?"

Alijaribu kuvuta. Ngozi ikasogea, mfupa haukusogea. Akafikiria kupiga kelele, lakini upande mmoja wa ua ulikuwa mawe makubwa ya mlima na upande wa pili duka la vyuma lililofungwa kwa swala. Akafikiria vidole vyake vitano, kazi yote viliyomfanyia, na binti yao Yasmin aliyekuwa shule ya bweni kwa ada iliyotoka kwenye vidole hivyo. Injini ikashuka tena, nusu ya ukucha.

"Wallahi," alisema.

"Malizia."

"Wallahi nimefuta shauri."

"Mara tatu."

Akasema mara tatu. Mara ya tatu sauti ilimkatika, na alimchukia Suhaib zaidi kwa kuisikia sauti ile kuliko kwa maumivu yenyewe.

Suhaib akapampu jeki tena. Mkono ukalegea. Mwaija akautoa taratibu, akaivuta stata kwa mkono wa kushoto ikamteremkia kifuani, akajiburuta nayo hadi nje kwenye jua. Kuanzia kiwiko hadi kiganja ngozi ilikuwa imechubuka, damu imechanganyika na grisi, na kidole cha pete kilikuwa kimeelekea pasipo pake.

Suhaib alikuwa amesimama na karatasi mkononi. Alikuwa ameiandaa kabla, imepigwa chapa vizuri.

"Tia sahihi hapa."

Mwaija alimtazama. Akavua khanga kiunoni, akaifunga stata ndani yake kama mtu anavyofunga mzigo wa viazi, akaipakata ubavuni.

"Uliniomba kiapo, nimekupa. Sahihi hukuiomba."

"Weka hiyo stata chini."

"Si yako. Ni ya mzee Nathaniel."

Suhaib akapiga hatua moja. Wakati huohuo sauti za watu zikasikika barabarani, swala imekwisha, na Chenge, mchomelea vyuma wa pale gerejini, alikuwa anasukuma lango huku akichokonoa meno. Chenge hakuwa na habari za swala, alikuwa Msukuma wa kanisani aliyetoka kula, lakini alisimama akiwa ameshika lango, akautazama mkono wa Mwaija, akamtazama Suhaib. Mwaija akapita katikati yao. Hakukimbia. Nje akasimamisha bajaji, akasema, "Kiseke."

Mzee Nathaniel alikuwa kibarazani kwake anasikiliza redio. Aliona mwanamke mwenye damu anashuka na mzigo, akasimama kwa taabu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe si mke wa Suhaib? Umefanya nini mkono?"

"Nimetoa stata yako." Akaiweka sakafuni, akafungua khanga. Kisha akamweleza yote, bila kuongeza wala kupunguza, amesimama, kwa sababu hakukaribishwa kiti.

Mzee alisikiliza akiwa amekunja uso. Mwaija alipomaliza, mzee akasema, "Mambo ya ndoa zenu mimi siyaingilii. Siku saba gari langu liko juu ya magogo. Nyumbani kwetu Mara nina msiba wa kaka, nimeshindwa kwenda kumzika. Wewe na mumeo mmeniharibia."

"Si mume wangu. Na gari halijaharibiwa na mimi."

"Usinijibu hivyo."

"Nikujibuje? Miaka kumi na mitatu nimelitengeneza gari lako na hujawahi kunipa hata asante. Kila ukija unatumwa soda. Hukujiuliza hata siku moja kwa nini fundi mwenye mikono kama ile anafungua vitu vile?"

Mzee alikasirika kweli. Mwaija naye hakuinamisha macho. Redio iliendelea kusema peke yake. Mwishowe mzee akaingia ndani, akarudi na beseni la maji na kitambaa safi, akaviweka chini kwa kishindo, akakaa bila kumtazama.

"Osha mkono," alisema. "Kesho nitalivuta gari lije hapa. Utalifunga wewe."

"Nitalifunga. Na Alhamisi utakuja mahakamani."

"Sitakuja."

Kesho yake Benzi ilivutwa hadi Kiseke. Mwaija, kidole kimefungwa kwa kijiti na plasta, alibadilisha brashi za stata na kuipachika tena kwa siku mbili, mkono wa kushoto ukijifunza kwa shida kazi ya wa kulia. Chenge ndiye aliyeshika jeki. Alikuja bila kuitwa, na kazi nzima hakusema zaidi ya maneno kumi. Jumapili jioni mzee aliwasha gari, likaitika mara moja. Akakaa ndani muda mrefu mikono kwenye usukani. Kisha akaondoka nalo kwenda Mara, akamwacha Mwaija uani anaokota spana. Asante hakusema.

Alhamisi mahakamani Suhaib alivaa kanzu nyeupe. Alisimama kwa kujiamini, akarudia yale aliyoandika: mdai alikuwa mama wa nyumbani, alileta chakula, spana hakuwahi kushika. Hakimu akaandika. Akamgeukia Mwaija, naye akaeleza kazi yake. Alipoulizwa mashahidi, alitazama mlango. Mzee Nathaniel hakuwepo. Chenge alikuwepo, lakini alisema tu kwamba Jumapili ile alimwona akifunga stata. Ya miaka iliyopita, alisema, yeye huwa anachomelea, haangalii. Alisema hivyo akitazama viatu vyake.

Mwaija alihisi chumba kikimteleza.

Labda Suhaib angenyamaza hapo, mambo yangekwisha kama alivyotaka. Lakini alikuwa ameshaonja ushindi, na alitaka amwone mwanamke huyu amedharaulika kabisa.

"Mheshimiwa," alisema, "na hata shauri lenyewe alishalifuta. Ameniapia. Mwanamke Mwislamu, amemtaja Mungu mara tatu, leo amesimama hapa anakana. Huyu ni wa kuaminiwa?"

Hakimu akainua kichwa. "Aliapa lini?"

"Ijumaa iliyopita."

"Wapi?"

"Pale gerejini."

"Shauri liko hapa mbele yangu. Gerejini alifuata nini?"

Suhaib akafungua mdomo. "Alikuja... nilimwita."

"Ulimwita mama wa nyumbani asiyejua spana, aje gerejini. Ijumaa. Saa ngapi?"

"Saa saba."

"Na alipoapa alikuwa amekaa wapi?"

Mtu mmoja kwenye mabenchi ya nyuma akacheka puani. Suhaib alitazama kushoto na kulia kama mtu aliyesahau mlango alioingilia.

"Alikuwa amelala," alisema hatimaye.

"Amelala wapi?"

"Chini ya gari."

Hakimu aliweka kalamu chini. Akamwomba Mwaija ainue mkono wake wa kulia, akautazama kwa muda, kisha akaichukua tena kalamu akaandika kwa dakika nyingi.

Hukumu ilitoka mwezi uliofuata. Haikuwa yote aliyodai. Alipewa theluthi ya eneo, upande wa mawe, usio na kivuli, na mlango ukabaki mmoja kwa wote wawili. Suhaib alisimamisha uzio wa mabati katikati ndani ya siku tatu, akapigilia misumari mwenyewe. Wakipishana langoni hawasalimiani. Wateja wa zamani wa Suhaib wanapita wakimtazama Mwaija kwa jicho la pembeni, na baadhi yao husema kwa sauti kwamba mwanamke aliyekana kiapo hawezi kukabidhiwa gari la mtu.

Neno hilo lilimchoma kuliko alivyokubali. Shamsia alimwambia kiapo cha kulazimishwa hakina deni, hata shehe amesema. Mwaija akajibu kwamba anajua, lakini alilitaja jina la Mungu huku moyoni anajua anadanganya, na hilo ni kati yake na Mungu, Suhaib hamo. Akafunga siku tatu za kafara ya kiapo.

Siku ya tatu, saa kumi jioni, alikuwa ameketi kwenye gogo upande wake, koo limekauka, anasafisha kabureta ya mashine ya mtumbwi iliyoletwa kutoka Igombe. Ng'ambo ya mabati Suhaib alikuwa chini ya Pijo tangu asubuhi. Mwaija alisikia spana ikiteleza, ikigonga chuma, kisha tusi. Ikateleza tena. Kwa mlio tu alijua ni nati ipi: ile ya nyuma ya pampu ya maji, inayofunguliwa kutoka chini baada ya kutoa feni. Suhaib alikuwa anaiendea kutoka juu. Angeshinda hapo mpaka kesho.

Sentensi moja ingetosha, ingepita juu ya mabati na kumfikia. Mwaija aliipanga mdomoni, akaitazama, akaimeza na mate machache aliyokuwa nayo. Akachukua brashi, akaendelea kusafisha kabureta, akisikiliza spana ikiteleza mpaka adhana ya magharibi ilipoanza.